Leseni ya ualimu nchini Sweden: mtihani usio na siku moja



Wiki chache zilizopita niliandikiwa na msikilizaji mmoja wa Bukoba, mwalimu wa sekondari, ambaye mkewe amepata kazi huku Sweden naye anajiandaa kumfuata. Swali lake lilikuwa fupi. Alitaka kujua mtihani wa leseni ya ualimu nchini Sweden hufanyika tarehe ngapi, na vitabu vya kujiandalia vinapatikana wapi. Nilianza kumjibu kwa mistari miwili, nikajikuta nimejaza kurasa nne, na hata hapo nikaona kwamba la maana bado sijamwambia. Ndipo nilipoomba nafasi ya mazungumzo haya.

Mistari ile miwili ilisema hivi: tarehe hakuna, na vitabu hivyo havipo. Nchini Marekani majimbo mengi humtaka anayetafuta leseni ya kufundisha afanye mitihani iitwayo Praxis, yenye siku yake, ada yake na vitabu vyake vya mazoezi. Tanzania nako, mwanzoni mwa mwaka 2025, Sekretarieti ya Ajira iliwaita maelfu ya walimu katika usaili kabla ya kuwapa ajira, na kila mmoja alijua ni lini na wapi anatakiwa kufika. Sweden haina siku ya namna hiyo. Asije mwenzetu wa Bukoba akafurahi, hata hivyo. Mtihani upo, tena mrefu, ila umekatwa vipande na kutawanywa katika miaka kadhaa, na hakuna kengele inayolia kumwambia mtahiniwa kwamba umeanza.

Nitaueleza kwa kupitia mtu ninayemfahamu, ambaye nimeushuhudia ukimpata kipande kwa kipande.

Mimi ninaishi Hässelby, magharibi mwa jiji la Stockholm. Ni mahali ambapo mstari wa kijani wa treni ya chini ya ardhi, nambari 19, unafikia mwisho wake karibu na ziwa Mälaren. Treni ilifika Hässelby gård mwaka 1956 na Hässelby strand mwaka 1958, wakati jiji lilipokuwa likipanuka kwa kasi. Kabla ya hapo sehemu hizi zilisifika kwa wakulima wa bustani waliolilisha jiji mboga na kulipamba kwa maua. Siku hizi ukipita uwanjani mbele ya stesheni ya Hässelby gård utasikia Kisomali, Kiarabu, Kituruki na Kitigrinya, na ukitega sikio vizuri, Kiswahili pia. Kukaa mwisho wa reli kuna faida moja ambayo wageni hawaijui: asubuhi kiti hukosi. Utaona baadaye kwa nini nimelitaja hilo.

Mwenyewe ninayemsema anatoka Tanga. Alifundisha hisabati shule ya sekondari kwa miaka 11 kabla ya kumfuata mumewe huku, na jina lake halina haja kutajwa hapa kwa sababu hata sisi majirani hatulitumii. Tunamwita Mwalimu. Watoto wetu humwamkia "Shikamoo Mwalimu", naye huitika "Marahaba" kwa sauti ile ya mtu anayejua kwamba nyuma ya salamu kuna kazi ya nyumbani haijafanywa. Kwa muda mrefu, kazi iliyompatia mshahara ilikuwa ni kuzunguka majumbani mwa wazee kwa niaba ya manispaa, akiwapa dawa, akiwafunga viatu na kuwapashia chakula moto. Ni kazi ya heshima, na wenzetu wengi wanaifanya. Lakini yeye alikuwa mwalimu wa hisabati katika nchi inayowatafuta walimu wa hisabati. Katika shule za msingi za Sweden, takriban walimu saba tu kati ya kila kumi ndio wenye leseni na sifa kamili katika angalau somo moja wanalofundisha. Tulipokutana kwa mara ya kwanza alinieleza hali yake kwa sentensi moja: "Kaka, mimi nafunga viatu vya watu, na mtaa wa pili watoto hawana wa kuwafundisha sehemu."

Hapa niseme neno kuhusu hilo neno lenyewe, leseni. Wasikilizaji wa Tanzania watakumbuka kwamba katikati ya miaka ya 2000, shule za sekondari za kata zilipoota kila mahali na walimu wakawa haba, wahitimu wa kidato cha sita walipewa mafunzo ya wiki chache na kuingizwa madarasani. Waliitwa walimu wa leseni. Wananchi, ambao hawakosi jina, wakawaita "Voda Fasta", kwa mfano wa vocha ya simu inayoingia papo hapo. Kwa hiyo Mwalimu, aliyesomea kazi yake kwa miaka, aliposikia mara ya kwanza kwamba Sweden anahitaji leseni, aliona kama ametukanwa. Kwao mwenye leseni alikuwa ni yule ambaye hakusoma vya kutosha. Ilibidi aelezwe kwamba huku maana ni kinyume, kwamba leseni ndiyo kilele.

Sheria yenyewe si ya zamani sana. Leseni ya ualimu ilianzishwa Sweden tarehe 1 Julai 2011, na hutolewa na idara ya taifa ya elimu ya shule, Skolverket. Asiye nayo anaweza kuajiriwa kufundisha, lakini kwa muda usiozidi mwaka mmoja kwa wakati, na hawezi kutoa alama za mwanafunzi peke yake. Lazima mwenye leseni akae naye na kutia saini. Leseni hutaja masomo na madarasa ambayo mwalimu ana sifa ya kuyafundisha, wala si ruhusa ya kufundisha chochote popote. Kuna walioachiliwa, wakiwamo walimu wa lugha za nyumbani. Tangu mageuzi ya mwaka 1977 watoto wa wahamiaji wamekuwa na haki ya kufundishwa lugha ya wazazi wao, na manispaa inawajibika kuandaa masomo hayo ikiwa watoto wasiopungua watano wanaitaka lugha hiyo na mwalimu anayefaa amepatikana. Mtu anaweza basi kufundisha Kiswahili bila leseni. Wapo waliomshauri Mwalimu afanye hivyo na kuyasahau mengine. Aliwajibu kwamba Kiswahili anakipenda, ila hajawahi kukisomea, na kwamba huko Tanga angemcheka mwalimu wa hisabati anayejitia kufundisha fasihi.

Kipande cha kwanza cha mtihani ni vyeti, na hiki hufanyika nyumbani kabla mtu hajapanda ndege. Skolverket ndiyo inayotoa leseni, lakini kazi ya kupima elimu ya nje ina wataalamu wake katika baraza la vyuo vikuu, kwa kifupi UHR, lililoundwa mwaka 2013. Wanaopima hawakujui. Hawajui chuo chako kina sifa gani mkoani kwenu wala kwamba wanafunzi wako walikuwa wakifaulu. Wanachokiona ni karatasi, na karatasi hiyo lazima iwaeleze ulisoma masomo gani, kwa muda gani, na kwamba uliwahi kusimama mbele ya darasa ukiangaliwa na mkufunzi.

Mwalimu alikuja na cheti kizuri chenye mhuri na lakiri. Hakuja na karatasi ya matokeo ya kila somo. Wala hakuwa na barua inayosema mazoezi yake ya kufundisha yalichukua wiki ngapi. Tena cheti kilikuwa na jina la baba yake, na pasipoti ilikuwa na jina la mumewe. Kaka yake aliyeko Tanga alikwenda chuoni mara tano. Mara ya kwanza mhusika alikuwa safarini, mara ya pili faili halikuonekana, mara ya tatu faili lilionekana lakini mhuri umefungiwa kabatini. Sikitaji chuo hicho, na sidhani kuna haja. Barua ilipotoka hatimaye ilikuwa na aya moja tu, lakini aya hiyo ilitaja wiki, shule na somo, na thamani yake ilizidi cheti chenyewe. Suala la majina likamalizwa kwa hati ya kiapo na cheti cha ndoa.

Kwa hiyo, ndugu yangu wa Bukoba, kabla hujauliza habari za vitabu, nenda chuoni kwako ukiwa ungali mwendo wa siku moja tu kwa basi. Omba matokeo ya kila somo, omba muhtasari wa masomo ya miaka uliyosoma, omba barua ya mazoezi ya kufundisha. Ukiwa na barua za kazi za wakuu wa shule ulizofundisha, zichukue zote, hata ile ya muhula mmoja. Vyeti vyetu vingi viko kwa Kiingereza, na hilo linapunguza gharama za tafsiri. Hakikisha tu kwamba jina ni moja kila mahali, au kwamba ipo hati inayoeleza kwa nini si moja.

Kipande cha pili ni lugha, na hapa ndipo wengi wanapokwama. Nitakaa hapa kidogo.

Sweden haitaki mwalimu ajue Kiswidi cha sokoni. Inataka kiwango cha mtu anayeingia chuo kikuu. Kuna njia mbili kuu za kukithibitisha. Ya kwanza ni kupanda ngazi ya masomo ya watu wazima, yanayotolewa bure na manispaa: unaanza na Kiswidi cha wahamiaji, kiitwacho SFI, unapita hatua zake kutoka A hadi D, kisha unaendelea na Kiswidi kama lugha ya pili mpaka kozi ya tatu ya ngazi ya sekondari ya juu. Njia ya pili ni mtihani uitwao Tisus, unaosimamiwa na Chuo Kikuu cha Stockholm, wenye sehemu tatu za kusoma, kuandika na kuzungumza. Njia ya kwanza ni ndefu na ina mwalimu wa kukushika mkono. Ya pili ni fupi na haina huruma.

Mwalimu alichagua ya pili. Alijiandaa kama tulivyofundishwa sote kujiandaa. Alitafuta mitihani iliyopita, akaandika insha kumi kwa msaada wa kamusi, akazikariri neno kwa neno, akaingia ukumbini akiomba Mungu mojawapo itoke. Kusoma alifaulu. Kuzungumza alifaulu. Kuandika alianguka.

Aliniletea karatasi zake za mazoezi nizitazame, kwa kuwa mimi riziki yangu ni maneno. Sarufi yake haikuwa mbaya. Tuliowahi kubeba ngeli za Kiswahili, pamoja na M-WA na KI-VI na U-ZI na nyingine zote, hatuna sababu ya kuziogopa ngeli mbili za Kiswidi, ingawa nakiri kwamba hizo mbili hazina kanuni ya wazi na zimetuumbua wengi. Mpangilio wa sentensi ulimpa taabu zaidi. Kitenzi cha Kiswidi hukaa nafasi ya pili na hakisogezwi: ukianza na "leo", basi ni lazima useme "leo naja mimi", na ukisema "leo mimi naja" utasikika mgeni hata kama ulizaliwa Stockholm. Hilo alikuwa amelishinda kwa kiasi kikubwa.

Kosa lilikuwa kwingine. Insha zake zilianza kwa salamu na methali, zikaeleza umuhimu wa mada tangu enzi za mababu, zikazunguka, zikasifu pande zote mbili, na zilipofika mwisho msomaji alikuwa hajui mwandishi anasimamia wapi. Ni insha nzuri kwa shule nilizosoma mimi. Mtahini wa Kiswidi hutaka jambo tofauti: sema hoja yako mapema, itetee, taja matini uliyopewa kusoma na yale yasemwayo humo, mpe nafasi anayekupinga, umjibu, umalize. Kwa macho yetu uandishi wa namna hii ni mkavu, karibu na utovu wa adabu. Hata mimi, niliyesomea uandishi wa habari na kulipwa kwa kufupisha, nilichukua miaka kuuzoea.

Aliyemfundisha si mimi. Miongoni mwa wazee aliokuwa akiwahudumia kulikuwa na bibi mmoja aliyepita miaka 90, aliyekuwa mwalimu wa shule ya msingi enzi zake. Siku moja bibi huyo aliona kamusi ikichungulia kwenye mkoba, akauliza ni ya nini. Kuanzia hapo, zile dakika chache za kahawa zilizomo katika ratiba ya kazi zikageuka darasa. Bibi alimtaka asome kwa sauti tahariri ya gazeti la siku hiyo, kisha alifunge gazeti na kumweleza kwa sentensi tatu mwandishi anataka nini. Tatu tu. Siku ya kwanza Mwalimu alisema sentensi kumi na moja, na bibi alizihesabu kwa vidole. Mwalimu alipoingiza methali, bibi alimkatiza. Alimwambia methali ni nzuri, lakini imesemwa na watu wengi kabla yake, na yeye alitaka kusikia anachosema mtu aliyeketi mbele yake.

Jioni Mwalimu alikuwa akiandika ukurasa mmoja kuipinga tahariri ile ile, iwe aliikubali au hakuikubali. Na asubuhi akausahihisha kwenye treni. Nilisema kwamba mwisho wa reli kiti hukosi. Kutoka Hässelby strand hadi katikati ya jiji ni zaidi ya nusu saa, na mtu anayefanya kazi kwa zamu, mwenye watoto wawili na nyumba ya vyumba viwili, hana chumba cha kusomea kinachozidi hicho kwa utulivu. Majira ya baridi, jua linapozama kabla ya saa kumi ya alasiri na mwili kutamani kulala saa kumi na moja, treni huwa na taa, ina joto, na hakuna anayekusemesha. Waswidi wanasifika kwa kutomsemesha mtu kwenye treni. Kwa msomaji ni neema.

Aidha, alikuwa na daftari la maneno ya somo lake. Watu husahau jambo hili. Hisabati alijifunza kwa Kiswahili shule ya msingi, akaisoma tena na kuifundisha kwa Kiingereza sekondari, na sasa alitakiwa aifundishe kwa lugha ya tatu. Kiasi na asili za sehemu zina majina mengine. Desimali huandikwa kwa mkato na si kwa nukta. Ishara ya kuzidisha ni nukta. Hata kugawanya kwa mkono hupangwa vingine, na mtoto wa miaka 13 hatamwonea haya mwalimu anayepanga asivyozoea. Alilijaza daftari hilo kutoka vitabu vya watoto vya maktaba ya mtaa, akianzia darasa la nne, bila aibu.

Mara ya pili alifaulu.

Vyeti vilipopimwa, jibu lilikuja kwamba elimu yake inatambuliwa ila haitoshi, jambo ambalo huwapata wengi waliosomea nje ya Ulaya. Kwa watu wa namna hii serikali ilianzisha mwaka 2007 mpango wa kuwaendeleza walimu wa kigeni, unaojulikana kwa kifupi kama ULV, unaotolewa na vyuo vikuu kadhaa kikiwamo cha Stockholm. Kila mtu hupangiwa masomo kulingana na upungufu wake, na huweza kufika miaka miwili. Mwaka 2016, wakati Sweden ilipokuwa imepokea wakimbizi wengi, ilianzishwa pia njia ya mkato kwa walimu wapya, ikiendeshwa sambamba kwa Kiarabu. Njia kama hiyo kwa Kiswahili haijakuwapo, na kwa uchache wetu huku sioni kama ingewezekana.

Masomo ya darasani hayakumsumbua sana. Sheria ya shule, mtaala, ngazi za alama kutoka A hadi F, yote ni mambo ya kusoma na kuelewa, na mtu aliyewahi kuandaa azimio la kazi na andalio la somo kwa miaka 11 haogopi makaratasi. Mtihani ulikuwa katika kipande cha tatu, mazoezi ya kufundisha, mbele ya watoto.

Siku ya kwanza aliingia darasa la nane. Hakuna aliyesimama. Mvulana mmoja alimwita kwa jina lake la kwanza, tena kwa furaha, akamuuliza kama anatoka mbali. Waswidi waliachana na vyeo katika mazungumzo tangu mwishoni mwa miaka ya 1960, na mwanafunzi hamwiti mwalimu wake kwa jina jingine zaidi ya lile alilopewa utotoni. Mwalimu alinisimulia jioni ile kwamba alihisi kama amevuliwa kilemba hadharani. Miaka yote hiyo sisi tulikuwa tumemwita Mwalimu, na mahali pekee ambapo hakuitwa hivyo palikuwa darasani.

Ipo tofauti nyingine nzito zaidi. Kanuni za Tanzania za mwaka 2002 zinaruhusu viboko shuleni, visivyozidi vinne, kwa idhini ya mkuu wa shule. Sweden iliviondoa katika shule za umma miaka ya 1950, na mwaka 1979 ikawa nchi ya kwanza duniani kuwakataza hata wazazi. Mwalimu hakuwa mtu wa fimbo, naamini hivyo kwa ninavyomjua. Lakini aliniambia kwa ukweli kwamba hata asiyeitumia fimbo hufundisha akijua ipo ofisini, na wanafunzi wanajua kwamba anajua. Huku haipo. Mvulana akikataa kuvua kofia na kufungua daftari, utafanya nini?

Yeye alifanya alichokijua: alisimama kimya akimtazama. Dakika ikapita. Mvulana akatazama dirishani. Mwalimu mlezi aliyekuwa nyuma akiandika hakuingilia. Baada ya kipindi alimuuliza swali moja tu, kama alijua kwa nini mtoto yule hakufungua daftari. Mwalimu hakujua. Mtoto hakuweza kusoma swali lililokuwa ubaoni. Alikuwa na miaka miwili tu Sweden na aliona bora aonekane mkaidi kuliko mjinga.

Kesho yake Mwalimu alikaa kando ya dawati lake na daftari lile la maneno, lile aliloanzia darasa la nne, wakalipitia pamoja. Kwa maoni yangu, na si yangu peke yangu kwa kuwa mlezi wake aliandika hivyo katika ripoti, hapo ndipo alipofaulu. Kila mgeni anajifunza Kiswidi akiona kama anaondoa upungufu wake. Yeye aligundua kwamba njia aliyoipita ni mali, na katika shule za vitongoji vya Stockholm kuna watoto wengi wanaohitaji mtu aliyeipita.

Sitaki kumaliza kana kwamba kila kitu ni asali. Nchi yenye uhaba wa walimu wa hisabati ilimweka mwalimu wa hisabati kando kwa miaka, na sehemu ya miaka hiyo ilipotea kwa kusubiri barua na foleni tu. Nakubali kwamba mtoto wa Hässelby ana haki ya kufundishwa na mtu aliyethibitishwa, na nisingetaka wanangu wafundishwe na Voda Fasta. Lakini nikikumbuka kwamba nchi za Nordiki zilijenga kituo cha elimu cha Kibaha mwanzoni mwa miaka ya 1960 na kuleta walimu wao kufundisha pale, kabla ya kukikabidhi kwa Tanzania mwaka 1970, najiuliza ni wangapi kati yao waliotakiwa kuthibitisha Kiswahili cha chuo kikuu kabla ya kushika chaki.

Maombi ya leseni ameyatuma. Kwa sasa anafundisha kwa mkataba wa mwaka mmoja katika shule isiyo mbali na hapa, na Jumamosi bado anachukua zamu za wazee, ikiwamo nyumba ya yule bibi. Juma lililopita nilimkuta kwenye treni ya asubuhi, kiti cha dirishani, na rundo la majaribio ya wanafunzi mapajani. Alikuwa akisahihisha kwa kalamu nyekundu. Nilimuuliza mvulana wa kofia amepata ngapi. Akaniambia ametoka F hadi D, na kwamba alama hiyo ameiandika kwa penseli, kwa kuwa saini inasubiri mwenzake mwenye leseni, aliyekuwa likizoni mpaka Alhamisi. Tukafika Vällingby. Akafunga kalamu, akaniambia, "Haya kaka, tutaonana," akashuka.